Ruzuku ya umma, zawadi ya kampuni au mkataba: ulinganisho kwa mtafiti wa sayansi ya kompyuta

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliniletea nyaraka mbili ofisini na kuniomba nimsaidie kuchagua. Ya kwanza ilikuwa barua ya ruzuku ya serikali, yenye posho ndogo, sharti la taarifa ya maendeleo kila robo mwaka, na malipo ambayo sote wawili tulijua yangechelewa. Ya pili ilikuwa mkataba wa kampuni ya teknolojia, kurasa 11, wenye posho karibu mara tatu ya ile ya serikali, kompyuta mpakato mpya, na ruhusa ya kutumia seva za kampuni bila malipo. "Mwalimu," aliniuliza, "kweli hapa kuna la kufikiria?" Nilimjibu kwamba lipo, tukaufungua ule mkataba na kuusoma kifungu kwa kifungu hadi jioni.

Nayaandika haya kwa ajili ya wanaokutwa na uchaguzi wa aina hiyo: wanafunzi wa uzamili na uzamivu, wahadhiri wanaoanza kujenga maabara, na wakuu wa idara wanaotia saini kwa niaba ya wengine. Mifano mingi itatoka Marekani, kwa kuwa huko ndiko uhusiano wa vyuo na kampuni za kompyuta ulikoacha kumbukumbu nyingi za wazi. Ya kwetu Afrika Mashariki nitaitaja pale inapohusika. Kipimo nitakachotumia hakihusu usafi wa fedha, maana fedha iliyo safi kabisa sijapata kuiona katika fani hii. Kwa kila njia nitauliza swali moja: mfadhili akibadili nia kesho asubuhi, ataweza kukunyang'anya nini?

Ruzuku ya umma na zawadi ya kampuni

Sayansi ya kompyuta ya vyuo vya Marekani ililelewa na serikali, na kwa sehemu kubwa na jeshi. Wakala wa utafiti wa ulinzi, ARPA, ambao baadaye uliitwa DARPA, ulianzishwa mwaka 1958, na ndio uliogharimia mtandao wa ARPANET, ambao ujumbe wake wa kwanza ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka chuo cha UCLA kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Herufi mbili tu zilifika kabla mfumo haujazimika. Mfuko wa taifa wa sayansi, NSF, ulioanzishwa mwaka 1950, ulikuwa miongoni mwa waliolipia mradi wa maktaba za kidijitali wa Stanford ambamo Larry Page na Sergey Brin walijenga mtambo wao wa kutafuta. Katika makala yao ya mwaka 1998 wanafunzi hao walionya kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utaelekea kuwapendelea watangazaji kuliko watu wanaotafuta, wakataka uwepo mmoja ulio wazi, ndani ya vyuo. Miaka miwili baadaye Google ilianza kuuza matangazo. Wengi huirudia habari hii kwa kicheko, lakini mimi naiona kuwa ushahidi mzuri wa kile ambacho ruzuku ya umma hutoa: onyo lile liliandikwa na watu ambao siku hiyo hawakuwa na mtangazaji hata mmoja wa kumchukiza.

Hata hivyo serikali nayo ina matakwa yake, na huyabadili bila kukuuliza. Mwishoni mwa mwaka 1969 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho yaliyopewa jina la Seneta Mansfield, yaliyoitaka wizara ya ulinzi isigharimie utafiti usio na uhusiano wa moja kwa moja na kazi za kijeshi. Kati ya mwaka wa fedha 2001 na 2004, fedha za DARPA kwa sayansi ya kompyuta vyuoni zilishuka kutoka dola milioni 214 hadi milioni 123, na tutaona hapa chini kwamba pengo hilo halikukaa wazi kwa muda mrefu. Mwaka 2025 NSF ilifuta ruzuku zaidi ya 1,000 ambazo zilikuwa zimekwisha kutolewa, nyingi kati yake zikihusu upotoshaji wa habari au ushirikishwaji wa makundi yaliyoachwa nyuma. Kwa hiyo anayemwambia mwanafunzi kwamba fedha ya serikali haiguswi anampotosha. Tofauti iko katika kile kinachochukuliwa. Serikali ikifuta ruzuku, unapoteza fedha ambazo bado hazijafika. Data uliyokwisha kukusanya, mashine uliyokwisha kununua na makala uliyokwisha kuchapisha kwa kawaida hubaki kwako.

Zawadi ya kampuni, kwa upande mwingine, huwa rahisi kupita kiasi. Kampuni huandika barua ya ukurasa mmoja, chuo hupokea fedha kwa jina la maabara yako, na mara nyingi hakikati gharama za uendeshaji au hukata kidogo, ilhali katika ruzuku za serikali ya Marekani makato hayo kwenye vyuo vikubwa hupita nusu ya gharama za moja kwa moja. Hakuna taarifa ya robo mwaka, hakuna anayedai hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, hakuna anayesoma rasimu yako. Kwa kipimo nilichokiweka, mfadhili wa zawadi hawezi kukunyang'anya chochote cha mwaka huu. Anachoshika ni zawadi ya mwaka ujao, na hapo ndipo ushawishi unapokaa, kwa sababu hauhitaji mtu yeyote kusema neno. Mhadhiri mwenye wanafunzi wanne wanaolipwa kwa zawadi inayohuishwa kila mwaka hujifunza mwenyewe maswali ya kuahirisha.

Ndiyo maana siipimi zawadi kwa ukubwa wake. Naipima kwa umbali uliopo kati ya mtoaji na swali linalotafitiwa. Chukua mifano miwili ya mwaka 2019. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, unaopima hewa chafu ya Kampala kwa vifaa vya bei nafuu, ulipata dola milioni 1.3 kutoka Google.org, tawi la hisani la Google. Mwaka huohuo Facebook iliahidi dola milioni 7.5 kwa miaka mitano kuanzisha taasisi ya maadili ya akili unde katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich. Makerere wakigundua kwamba moshi wa bodaboda na wa majiko ya mkaa umezidi kipimo, Google haipotezi kitu. Munich, mfadhili yumo ndani ya somo lenyewe: taasisi ya maadili ya akili unde haiwezi kukwepa kuizungumzia kampuni inayopangia mabilioni ya watu waone nini asubuhi. Sisemi kwamba watafiti wa Munich walipindisha neno hata moja. Nasema kwamba ningekuwa mwanafunzi mwenye ofa zote mbili, ile ya Kampala ningeipokea bila kusita, na ile ya pili ningeuliza kwanza kama mshahara wangu wote unaitegemea.

Mohamed Abdalla na Moustafa Abdalla, katika makala waliyoitoa mwaka 2021, walilinganisha jinsi kampuni kubwa za teknolojia zinavyofadhili vyuo na jinsi kampuni za tumbaku zilivyofanya katika karne iliyopita. Ulinganisho huo wengine waliuona mkali mno, nami nakubali kwamba sigara na mtambo wa kutafuta si kitu kimoja. Lakini hoja yao ya msingi inasimama: mfadhili mwenye busara hamlipi mtu ili aseme uongo, humchagua yule ambaye maswali yake hayamsumbui, kisha humwezesha awe na maabara kubwa kuliko jirani yake.

Kuna mchanganyiko wa njia hizi mbili ambao nafikiri haujathaminiwa inavyostahili. Mwaka 2019 NSF na Amazon waliahidi kila mmoja hadi dola milioni 10 kwa miaka mitatu kwa utafiti wa usawa katika akili unde, huku uteuzi wa washindi ukibaki kwa NSF. Mtu anaweza kulalamika, na kwa haki, kwamba kampuni ilishiriki kuchagua mada. Hata hivyo haikuchagua majina, na kwa mwanafunzi hilo ni jambo kubwa.

Mkataba wa kampuni moja

Sasa turudi kwenye zile kurasa 11. Kifungu cha saba, kwenye ukurasa wa sita, kilimpa mwanafunzi haki ya kuchapisha, kwa maneno mazuri kabisa, mradi rasimu ipelekwe kwa kampuni siku 60 kabla, na kampuni iweze kuongeza siku 90 ikiona kuna uvumbuzi wa kuombea hataza. Alifurahi alipofika hapo. Nikamrudisha ukurasa wa pili, kwenye ufafanuzi wa maneno, ambako "taarifa za siri" zilielezwa kuwa ni pamoja na "matokeo yoyote yatokanayo na matumizi ya mifumo ya kampuni". Kisha tukarudi kifungu cha saba, aya ya mwisho: kampuni inaweza kutaka taarifa zake za siri ziondolewe kwenye rasimu. Ukizisoma aya hizo tatu kwa pamoja, haki iliyotolewa ukurasa wa sita ilikuwa imekwisha kuchukuliwa ukurasa wa pili. Majaribio yote ya mwanafunzi yangefanyika kwenye seva za kampuni.

Zile siku nazo zinahitaji kuhesabiwa kwa kalenda ya fani yetu. Katika tiba au fizikia, kuchelewa miezi mitano kunaudhi tu. Katika sayansi ya kompyuta, ambako kazi nyingi muhimu hutoka kwenye mikutano yenye tarehe moja ya mwisho kwa mwaka, siku 60 ukijumlisha na 90 zinatosha kukupotezea mkutano mzima, na mwaka mmoja katika ujifunzaji wa mashine ni muda wa kutosha kwa wazo lako kugunduliwa na mwingine. Nina mwanafunzi wa zamani ambaye sura ya nne ya tasnifu yake ilikaa kabatini miezi minane ikisubiri mwanasheria wa kampuni fulani arudi likizo, kisha abadilishwe, kisha mrithi wake aanze upya. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakukuwa na mtu kule ambaye kazi yake ingeharibika kama barua isingejibiwa.

Mkataba una faida zake, na si haki kuzificha. Kampuni inayolipa kwa mkataba inataka jibu, kwa hiyo inakupa tatizo la kweli, wahandisi wa kuzungumza nao, na mara nyingine data ambayo hungeiona popote. Mwanafunzi anayetaka kufanya kazi viwandani baada ya shahada hupata pale shule ambayo chuo hakiwezi kumpa. Kwa mtu wa namna hiyo, mkataba unaweza kuwa bora kuliko ruzuku, ilimradi sura za tasnifu zisizotegemea kampuni ziwe zinatosha kusimama peke yake.

Wadhamini wengi chini ya paa moja

Njia ambayo mimi naipenda kuliko zote ni ile iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na historia yake inaanzia kwenye pengo la DARPA nililolitaja. Mwishoni mwa mwaka 2005, fedha za serikali zikiwa zimepungua, David Patterson na wenzake walitangaza maabara ya RAD iliyodhaminiwa na Google, Microsoft na Sun, kila moja ikitoa dola 500,000 kwa mwaka kwa miaka mitano. Kampuni tatu zinazoshindana ziliketi meza moja. Programu zitakazotoka zingetolewa bure kwa leseni huria, kwa yeyote, akiwemo mshindani ambaye hakuchangia senti. Wadhamini hawakupata hataza. Walichopata ni kuhudhuria kambi ya kazi ya maabara mara mbili kwa mwaka, ambako wanafunzi huonyesha kazi ambayo bado ni mbichi na wahandisi wa kampuni huikosoa ana kwa ana.

Matunda yake yanasema zaidi kuliko nadharia yoyote. Mfumo wa Spark wa kuchakata data kubwa, ulioanzwa na Matei Zaharia mwaka 2009, ulikulia kwenye maabara za mtindo huu na kutolewa huria, na mwaka 2013 baadhi ya wajenzi wake walianzisha kampuni ya Databricks. Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa maabara jirani, Par Lab, iliyopewa fedha na Intel na Microsoft kuanzia mwaka 2008. Humo ndani, mwaka 2010, Krste Asanović na wanafunzi wake walianza kubuni lugha ya chipu iliyo wazi, yaani seti ya amri ambazo chipu huzielewa, iitwayo RISC-V, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kutengeneza chipu bila kulipa leseni. Intel inaishi kwa kuuza chipu za lugha iliyo mali yake. Fedha yake ilisaidia kulea kitu ambacho leo kinashindana nayo, na hakukuwa na kifungu cha kuizuia. Jaribu kufikiria kitu hicho kikitokea chini ya mkataba wa kurasa 11.

Kwa nini njia hii inahimili? Kwa sababu kila mdhamini anawachunga wenzake. Microsoft haitakubali Google ipate hataza, na Google haitakubali kinyume chake, hivyo wote huishia kukubali uwazi, ambao ndio hasa mtafiti alikuwa akiutaka. Mmoja akijitoa, maabara hupungukiwa lakini haifi. Kasoro yake ni kwamba inahitaji jina kubwa. Berkeley wanaweza kuandika masharti na kuyapeleka kwa kampuni. Idara ya wahadhiri saba huko kwetu hupelekewa masharti yaliyokwisha kupigwa chapa. Lakini kanuni yenyewe inapungua ukubwa bila kuvunjika. Lacuna Fund, iliyoanzishwa mwaka 2020 na Rockefeller Foundation, Google.org na shirika la maendeleo la Kanada IDRC, imegharimia hazina za data za lugha na kilimo barani Afrika kwa sharti kwamba data itolewe wazi. Google imo, lakini haimo peke yake, na data ikishatoka haimrudii mtu.

Nikiri jambo moja linalonikera hapa. Uwazi humlinda mtafiti kuliko unavyomlinda mwenye lugha. Hazina ya sauti ya Common Voice ya Mozilla ilipata mwaka 2021 dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili, kutoka Gates Foundation na mashirika ya misaada ya Ujerumani na Uingereza, na sauti zake zimewekwa chini ya leseni inayoruhusu kila matumizi. Aliyejitolea kusoma sentensi kwa simu yake usiku amemsaidia mwanafunzi wa Dodoma, na kwa kitendo kilekile ameisaidia bure kampuni itakayomuuzia huduma ya sauti. Bado ningechagua uwazi huo, lakini nisingemwambia msomaji kwamba hauna gharama.

Data na mashine za kuazima

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako, na katika njia zote za kutegemea kampuni, hii ya kuazima ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haionekani kuwa ufadhili. Hakuna hundi, hakuna saini ya mkuu wa idara. Kuna ufunguo tu wa kuingilia data au seva, na ufunguo huo unaweza kuacha kufungua wakati wowote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliokuwa wakichunguza matangazo ya kisiasa ya Facebook kupitia programu ambayo watu waliiweka wenyewe kwenye vivinjari vyao walikuta mwezi Agosti 2021 akaunti zao zimefungwa. Facebook walitaja faragha ya watumiaji. Watafiti walisema hawakukusanya taarifa binafsi. Ukiacha nani alikuwa na haki, kazi ilisimama siku hiyohiyo. Mwaka 2023 Twitter ilifuta njia ya bure ambayo kwayo wanazuoni walikuwa wakichota data kwa miaka mingi, na vifurushi vipya vya taasisi viliripotiwa kuanzia dola 42,000 kwa mwezi. Chombo cha CrowdTangle, ambacho waandishi na watafiti walikitumia kufuatilia habari kwenye Facebook, kilifungwa na Meta, kampuni mama ya Facebook, mwezi Agosti 2024. Wasomi wengi waliokuwa wamejenga taaluma nzima juu ya data hiyo hawakuwahi kupokea hata senti ya kampuni hizo, na walikuwa wakijihesabu huru.

Hata ushirikiano ulioandaliwa kwa uangalifu mkubwa una mpaka. Kwa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2020, Meta ilishirikiana na timu ya wasomi wa nje ambao hawakulipwa na kampuni na walikuwa na kauli ya mwisho juu ya maandishi. Makala za kwanza zilitoka katika majarida ya Science na Nature mwezi Julai 2023. Lakini wafanyakazi wa Meta peke yao ndio waliogusa data ghafi, na Michael Wagner wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyewekwa kuwa mwangalizi huru, alihitimisha kwamba kazi ni ya kuaminika lakini uhuru wake ulikuwa wa kupewa ruhusa. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha katika Science kwamba wakati wa jaribio mojawapo, lililolinganisha mpangilio wa kawaida wa algoriti na mpangilio wa kufuata muda, Facebook ilikuwa imewasha hatua za dharura za kupunguza habari za uongo wakati wa uchaguzi. Kile kilichoitwa mpangilio wa kawaida hakikuwa cha kawaida. Mtu akikuazima mizani yake, hakikisha pia kwamba haigusi wakati unapima.

Kuhusu mashine, hali imegeuka ndani ya miaka kumi tu. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alifunza mtandao wa neva uliobadili fani nzima ya utambuzi wa picha kwa kadi mbili za grafiki za kununua dukani, zikiwa chumbani kwake nyumbani kwa wazazi. Kufikia mwaka 2022, kwa hesabu ya ripoti ya AI Index ya Stanford, kampuni zilitoa modeli 32 muhimu za ujifunzaji wa mashine na vyuo vikatoa 3. Na ripoti ya GPT-4, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI, ya mwezi Machi 2023 haikutaja hata ukubwa wa modeli. Anayejenga tasnifu juu ya modeli iliyofungwa ajue kwamba toleo alilolipima linaweza kuondolewa kabla wapitiaji hawajamjibu, na jaribio lake lisiweze kurudiwa na mtu yeyote, naye mwenyewe akiwemo.

Mbadala upo, ingawa ni wa taratibu. Modeli ya BLOOM, yenye vigezo bilioni 176, ilifunzwa mwaka 2022 kwa ushirikiano wa watafiti zaidi ya 1,000 kwenye kompyuta ya umma ya Ufaransa iitwayo Jean Zay, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha 46 zilizomo, japo kwa sehemu ndogo sana. Hata huo mradi uliratibiwa na kampuni, Hugging Face, na hilo halinisumbui, kwa sababu nakala ya modeli unaweza kuipakua leo ukaiweka kwenye diski yako na hakuna wa kuifuata.

Mguu mmoja chuoni, mmoja kampuni

Njia ya kuajiriwa na chuo na kampuni kwa wakati mmoja naipitia haraka, kwa kuwa wanaopewa nafasi hiyo ni wachache na kwa kawaida hawahitaji ushauri wangu. Yann LeCun, mtafiti wa akili unde, alijiunga na Facebook mwaka 2013 akabaki pia na uprofesa katika Chuo Kikuu cha New York, na wengi walimfuata kwa mtindo huo. Kwa mwanafunzi, swali ni moja tu: msimamizi wako akienda moja kwa moja, utabaki na nani? Mwaka 2015 Uber iliwachukua kwa mpigo watafiti na mafundi wapatao 40 kutoka kituo cha roboti cha Carnegie Mellon. Utafiti uliochapishwa katika Science mwaka 2023 ulionyesha kwamba mwaka 2004 asilimia 21 ya wenye uzamivu wa akili unde walikwenda viwandani, na kufikia mwaka 2020 walikuwa karibu asilimia 70.

Kuna makala moja inayoonyesha tofauti ya miguu hiyo miwili kuliko takwimu. Mwaka 2020 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika pamoja kuhusu hatari za modeli kubwa za lugha. Kampuni iliwataka wafanyakazi wake waondoe majina yao au makala iondolewe. Timnit Gebru wa Google aliondoka Desemba mwaka huo, yeye akisema amefukuzwa na kampuni ikisema amejiuzulu. Mwenzake Margaret Mitchell alifutwa kazi Februari iliyofuata, na kwenye makala iliyochapishwa jina lake limeandikwa kwa mzaha, likiwa limepindishwa makusudi. Emily Bender wa Chuo Kikuu cha Washington hakuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Ukurasa mmoja, waandishi wa pande mbili, na upande mmoja tu ndio uliolipa.

Mwanafunzi wangu hatimaye aliiandikia kampuni akiomba mambo mawili: siku za ukaguzi zipunguzwe ziwe 30 bila nyongeza, na neno "matokeo" lifutwe kwenye ufafanuzi wa taarifa za siri. La kwanza walilikubali ndani ya wiki. La pili walisema haliwezekani, kwa kuwa ufafanuzi huo unatumika katika mikataba yao yote duniani. Akachukua ruzuku ya serikali, na baada ya miezi miwili kampuni ileile ikampa muda wa seva kwa barua ya zawadi yenye aya tatu, ambayo haikuwa na ufafanuzi wa kitu chochote. Anautumia kwa majaribio ya pembeni, na kila Ijumaa hunakili kila kitu kwenye diski mbili, moja ya kwake na moja iliyo kwenye droo ya meza yangu. Malipo ya kwanza ya serikali yalichelewa miezi mitano.